Mapipa ya Istar

Mwaka ule serikali ilipowakusanya Waborana ndani ya maboma ya miiba, Istar binti Robow alikuwa akiuza mapipa nyuma ya msikiti mjini Isiolo. Baba yake, Msomali, alikuja na jeshi la Mwingereza akabaki. Mumewe, Guleid, alikuwa na lori, ila vita vya serikali na waasi walioitwa shifta vilikuwa vimefunga barabara ya Merti, na lori likakaa uani, kuku wakitaga chini yake. Basi nyumba ikawa inakula mapipa.

Aliyapata kwenye karantini, pale ng'ombe waliokuwa wakipelekwa kusini walipotumbukizwa kwenye josho ili kuua kupe. Dawa ikiisha, mlinzi aliuza mapipa matupu. Istar aliyasugua kwa mchanga na jivu, akayasuuza kwa maji ya moto, akayaanika juani mpaka harufu ikakata. Kisha aliyachongea vizibo vya mti na kuyafunga mishikio ya kamba aliyosuka mwenyewe, na wafugaji wakayachukua ya kuwekea maji. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Ndipo akaja Rimberia, ofisa wa mifugo, Mmeru aliyehamishiwa mjini karibuni. Alikuja na askari mwenye bunduki. Akamweleza Istar kwamba amri imetoka: pipa lililobeba dawa ya josho lisiuzwe wala lisiwekwe nyumbani, litobolewe na kuzikwa, kwa kuwa dawa hiyo ina aseniki.

"Hii sumu haitoki na jivu, mama," alisema. "Mtu anakunywa kidogo kidogo, hajui anakufa."

"Na miaka yote hii mlikuwa wapi?"

Rimberia alitazama viatu vyake. Akajibu kwamba sheria ndiyo imefika sasa.

Istar aliyasikia maneno, lakini macho yake yalikuwa kwa askari. Sheria ya afya inatembeaje na bunduki? Mwenye pipa la maji anaweza kukaa porini mbali na kisima, na serikali haikutaka mtu akae porini. Alidhani amewaelewa. Halafu Rimberia akauliza ni nani walionunua mapipa ya mwisho, na hapo shaka yake ikageuka yakini. Daktari huuliza nani anaumwa. Anayeuliza nani amenunua ni polisi.

Mmoja wao alimjua vizuri. Alikuwa Racho, mjane wa Kiborana, rafiki yake wa tangu usichana. Lakini alimkumbuka pia Dullo, muuza tumbaku, ambaye jina lake lilitajwa tu kwamba aliuza betri za tochi kwa watu wa porini. Alipakiwa kwenye lori la jeshi na hakuonekana tena.

"Sokoni hatuulizani majina," alijibu.

Rimberia alijua anadanganywa, ikaonekana usoni. Mapipa yakapakiwa, yakaenda.

Mvua zilipopita, Istar alipata kibali cha kumpelekea Racho sukari na majani ya chai katika boma alimofungiwa. Alimkuta ameketi mlangoni pa kibanda chake, amekonda. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama ngozi kavu, vimejaa vidoti vyeusi, na chakula hakikukaa tumboni. Lile pipa lilikuwa nyuma yake, limefunikwa kwa kikapu. Istar alilitazama. Akajaribu kujiambia kwamba labda ni njaa, au maji ya boma lenyewe.

Alipokuwa akitoka ndipo akayaona. Kando ya geti, mahali watu wote wa boma walipochotea maji, yalisimama mapipa yenye mishikio aliyoisuka kwa mikono yake.

Alitembea mpaka mjini. Kwake yaliitwa sumu, bomani watu wananyweshwa! Angelisema neno hilo sokoni, boma lingewaka, na bunduki zingejibu. Basi akaenda ofisini kwa Rimberia, akakataa kiti.

"Mapipa yangu yako kwa geti ya boma," alisema. "Yamejaa maji. Mnataka kuwaua?"

Rimberia alimwambia achunge mdomo, maneno kama hayo ni ya shifta. Istar hakuondoka. Akamwomba akaone kwa macho yake, na kama ni uongo amfunge. Ofisa akachukua funguo za Landrova.

Koplo wa geti alieleza kwamba vyombo vya maji havikutosha, wakachukua mapipa yaliyolala uani kwa serikali yakingoja kutobolewa, bila kuuliza. Labda ni kweli. Istar hakuamini, wala hakuweza kukanusha. Rimberia aliomba sururu, akayapindua mapipa na kuanza kuyatoboa mwenyewe, jasho likimtoka. Watu walipoona maji yanamwagika ardhini, wakakusanyika kwa hasira. Jiwe likampata Rimberia begani. Askari wakainua bunduki.

Istar akasimama katikati. Akawaambia kwa Kiborana kwamba ndani ya mapipa mlikuwa na sumu ya kupe, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyauza. Bibi mmoja akatema mate miguuni pake.

Racho akaja polepole, akilisukuma pipa lake kwa mguu.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Niliambiwa siku walipoyachukua. Sikuamini."

"Wakisema wao, nani angeamini?" Racho akalisukuma mpaka kwa Rimberia.

Istar alingoja ofisa aulize nani alilinunua. Hakuuliza, alilitoboa tu. Hata hivyo Istar hakumwamini.

Racho alitibiwa hospitalini, tumbo likatulia, lakini viganja havikulainika tena. Rimberia alihamishwa, wengine wakisema ni kwa sababu ya mapipa. Istar alianza kuuza kamba. Mlinzi wa karantini alipomletea mapipa mengine akiapa ni ya mafuta ya taa, aliyanusa, akasikia harufu ya josho, akamfukuza. Kabla ya Ijumaa yalikuwa yamepangwa kwenye duka la jirani, yameoshwa yakang'aa. Istar alihamishia kamba zake mbele ya duka hilo, na kila aliyesimama kulipia pipa alimweleza kilichokuwamo. Wengi walidhani anamwonea mwenzake wivu wa biashara.

Wachache waliondoka bila kununua.