Seli Zilizongoja

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwetu, katika mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, watu wa kilio wakiwa bado wamelala kwenye mikeka uani. Sikuwa na mfuko wala mpango. Siku iliyotangulia tulikuwa tumemzika mdogo wangu, dada yangu wa pekee. Miguu ikanipeleka ilikozoea kwenda juma lile: maabara.

Madaktari walijua ni saratani ya damu, ila hawakujua ni ya aina gani, na dawa hutegemea aina. Jibu lilikuwa limejificha ndani ya seli. Mimi niliyeacha shule mapema ndiye niliyebeba kichupa cha damu yake, kisha nikakataa kubanduka mlangoni mpaka fundi wa maabara, mama mpole mwenye glavu za buluu, akanieleza. Kwanza huzikaza seli kwa formalini, zife bila kupoteza umbo. Kisha huzitoboa ngozi kwa dawa kama sabuni, vitundu tu, ili rangi ipenye na kushika protini anayoitafuta. Mwishowe mashine huzipitisha moja moja mbele ya mwanga, na yenye rangi hung'aa.

Nilikimbilia hospitali kumsimulia dada.

"Yaya," alisema, neno letu la kumwita kaka mkubwa, "basi banaiua damu yangu?"

"Banaiua kwanza, njo baone mu ndani."

"Hata pole habasemi?" Alicheka hadi akakohoa. Kisha akanitania kama kawaida yake, maana kila nilikozurura ilikuwa lazima nimpigie simu kumwambia ninalala wapi. "Na weye, leo utalala wapi?"

"Apa, chini ya kitanda yako."

Alasiri umeme ukakatika, seli zikiwa tayari zimetiwa rangi. Fundi alizifunga kwa karatasi ya alumini, kwani mwanga hufifisha rangi ile, akazitia kwenye sanduku la barafu.

"Usiogope, papa," akasema, akiniita baba kwa heshima. " Zimeshakazwa. Zinaweza kungoja."

Zilingoja. Dada yangu hakuiona asubuhi.

Sasa, asubuhi hii ya baada ya mazishi, umeme ulikuwa umerudi. Fundi aliponiona mlangoni aliniita mbele ya skrini, uso umemchangamka. Vidoa, kila kimoja seli moja ya dada yangu, vilikuwa vimejazana upande mmoja, kama nyuki mlangoni mwa mzinga.

"Tumeipata! Hii iko na dawa. Kimbia ukamwambie daktari wake!"

Hakuna aliyekuwa amempa habari za msiba. Nilivitazama vile vidoa. Ndani mwake kila kitu kilikuwa kimebaki kama siku ile dada alipocheka. Nikasema, "Asante, mama," nikatoka.

Barabarani lori la wachuuzi wa samaki lilikuwa linarudi tupu Kasenga, mji wa wavuvi mpakani. Nilipunga mkono, nikapanda. Jua lilikuwa linashuka tulipoufikia mto Luapula, Zambia ikionekana ng'ambo, moshi wa kukaushia samaki umetanda juu ya mabati. Mama mmoja mwenye vyumba vya wageni alinipima kwa macho, akaona sina mzigo.

"Unafuata samaki?"

"Hapana, mama."

"Basi unafuata nini?"

Nilimwonyesha milango ya vyumba vyake. Akafungua chumba chenye kitanda kimoja na ndoo ya maji.

"Njo utalala apa?"

"Nitalala hapa," nikasema. Kisha nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Kasenga, karibu na mto. Leo ninalala hapa."

"Niko na masikio, papa," akasema, akaniachia ufunguo.