Mikeka Miwili ya Bi. Zuwena

Iko siku moja, mwanangu, inayonirudia kila nikisikia harufu ya pilau nikipita Stratford, hapa London. Na kwa kuwa Jumamosi ni zamu yako kuendesha mkutano wetu, nakusimulia bure. Vitu vya bure kwangu ni adimu, wanaonijua watakwambia, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Wakati huo nilikuwa kijana, nywele zote zipo, nauza vitambaa soko la Lewisham. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi London, wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, watu trans ambao jinsia waliyopewa walipozaliwa siyo yao, na wengine wote ambao kwao walikuwa wakitajwa kwa sauti ya chini, tuliamua kufanya mkutano wa siku nzima kwa lugha yetu wenyewe. Mwenyekiti alikuwa Rehema, muuguzi, aliyezoea kuwaamuru hata wagonjwa waliolala. Mimi nilipewa kazi ya kupatana bei. Mwenye ukumbi alitaka kututoza viti. Nikamwambia sisi tunakaa chini, atoe viti vyake apunguze. Akapunguza. Sijui ilikuwa hoja au uchovu, lakini alipunguza.

Mlangoni tulibandika karatasi kubwa. Usimuulize mtu jina lake la zamani. Usipige picha bila ruhusa. Uliyemwona humu, huko nje hukumwona. Rehema aliisoma, mimi nikaisoma mara mbili, tukaona hakuna heshima iliyobaki nje ya karatasi ile.

Kikabaki chakula. Na kwa chakula, mtu alikuwa mmoja tu: Bi. Zuwena, mama wa Kipemba aliyepikia harusi na hitima za nusu ya watu tunaowajua. Ndipo kamati ikaingia baridi. Tumwambie ni mkutano wa nani? Akikataa je? Akitutangaza je? Tulizozana jikoni kwa Rehema mpaka chai ikapoa, tukaafikiana kumwambia ni shughuli ya vijana wa nyumbani. Tulipokwenda kumwambia, alitutazama mmoja mmoja kama anayechagua samaki.

"Vijana," akasema. "Haya."

Siku ikafika, na mwanangu, ilikuwa na raha yake. Watu walikumbatiana mlangoni mpaka foleni ikazidi. Mzee mmoja wa Tanga alisema hajawahi kusikia Kiswahili kingi namna ile bila mtu kumuuliza ataoa lini. Kati ya waliokuja alikuwapo Amani, kutoka Harrow. Kwao Amani alilelewa kama binti, naye alijijua si binti, wala hakutaka kuitwa kijana wa kiume. Alitaka kuitwa Amani, basi. Asubuhi alimwambia Rehema, nami nikiwa hapo hapo, "Tangu nitoke nyumbani sijala sinia na watu. Nimekuja kwa ajili ya sinia. Hotuba zenu nitazielewa nikishiba."

Mchana milango ya ukumbi wa pili ikafunguliwa, na harufu ikatupiga usoni. Bi. Zuwena alikuwa ametandika kama anavyotandika kwenye shughuli zake zote: mikeka ya wanawake kulia, ya wanaume kushoto, na katikati nafasi ya kupitisha kitanda. Watu wakanawa, wakaenda kukaa. Na nikwambie ukweli, kwa muda hakuna aliyeona tatizo. Wapenzi wengi walifurahi sana! Maisha yao yote kwenye shughuli walikuwa wakijitenga wasigundulike, leo wamepangwa bega kwa bega, sinia moja, bila kuomba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajisogeza karibu na mtu niliyekuwa nikimtazama tangu saa nne.

Kisha nikamwona Amani. Alisimama pale katikati, akatazama kulia, akatazama kushoto, akageuka kwenda kwenye vigingi vya makoti. Nikamfuata.

"Unakwenda wapi, na chakula hicho?"

"Nyumbani, Sefu. Hapana neno. Nimezoea."

Alisema akitabasamu. Tabasamu lile nalijua, mwanangu. Ni la mteja anayerudisha kitambaa mezani akisema atapita baadaye. Huyo hapiti tena, hata ungekaa pale mpaka soko lifungwe. Nikafanya ninachokijua.

"Nipe dakika tano."

"Mbili."

"Tatu, na koti nishike mimi."

"Mbili, na koti linabaki mwilini."

Nikakubali, nilikuwa nimeshapatana na watu wagumu zaidi, lakini si wengi. Nikakimbia jikoni nikamvuta Rehema, nikamweleza. Rehema akamgeukia Bi. Zuwena kwa sauti ile ya wodini.

"Bi. Zuwena, hapa hatutengi wanaume na wanawake."

Bi. Zuwena hakuacha kupakua. "Aliyeniambia hivyo nani?"

"Si… hakuna aliyekwambia."

"Basi."

"Lakini mlangoni tumeandika!"

"Mimi nimeingia mlango wa nyuma na masufuria. Mlango wa nyuma hamkuandika kitu." Akaweka upawa chini, akatutazama. "Mlikuja kwangu mnanong'ona kama mnaouza simu za wizi. Mkaniambia vijana. Mnadhani sikujua ni vijana gani? Mimi nimepika harusi za watu, mwanangu. Najua nani ukumbini anamtazama nani, na mara nyingi si bwana harusi. Lakini mtu akinificha jambo, naliacha pale pale alipolificha. Ndiyo adabu niliyolelewa nayo."

Rehema akauchukua upawa, akaanza kupakua mwenyewe. Sijamwona akipakua tena tangu hapo.

"Nimewatandikia kama ninavyowatandikia watu ninaowaheshimu," Bi. Zuwena akaendelea. "Mngeniambia nani anakuja, ningewauliza wanapenda kukaaje. Mmeogopa nitawafungia mlango, mkanifungia mimi kwanza. Sasa nani kakosa pa kukaa?"

Nikamwonyesha. Amani alikuwa amefikia kifungo cha tatu.

Bi. Zuwena akajifuta mikono, akatoka, sisi nyuma yake kama vifaranga. Hakupaza sauti. Alimwendea kama anayemwendea mgeni aliyechelewa.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Amani. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Zuwena, ndiye niliyetandika. Nilitandika bila kukuuliza, na sasa nakuuliza. Unapenda kukaa wapi?"

Amani akatazama ukumbi, kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali gumu shuleni. "Sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Fikiri. Pilau haikimbii."

"Basi… pale katikati."

"Pale? Pale pana upepo wa mlango."

"Ndipo nilipopapenda."

"Haya." Akageuka, na hapo sasa ndipo alipopaza sauti. "Nyie! Inukeni na masinia yenu! Vuteni mikeka mpaka ikutane!"

Mwanangu, ungeona. Watu walio na njaa hufanya kazi upesi. Mikeka ikaburutwa, masinia yakapita juu ya vichwa, mtu akakanyaga kachumbari, mzee wa Tanga akaamuru kila mtu wala hakubeba kitu. Dada wawili wenye mitandio wakasema, kwa haya, kwamba wao wangependa kubaki wanawake peke yao. Rehema akafungua mdomo kuwaeleza maana ya mkutano. Bi. Zuwena akamshika mkono.

"Nao ni wageni wako. Ukimburuta mtu aje alipo mwenzake, nawe umetenga."

Wakapata sinia lao pembeni, penye mkeka mzuri kuliko yote, na waliotaka kuungana nao wakaungana.

Pale katikati Bi. Zuwena akaweka sinia lake mwenyewe. Yeye ambaye hakuwahi kula na wageni, alikaa chini, akamtilia Amani maji ya kunawa kwa birika, akamsukumia upande wenye nyama. Mtu akamwita Rehema, mtu akaniita mimi, tukawa wanne.

"Koti," Bi. Zuwena akasema. "Utalitia mchuzi."

Amani akalivua, akanipa. Dakika mbili zilikuwa zimepita zamani. Sikumkumbusha, na mimi si mtu wa kusamehe saa.

Jioni tuliimba mpaka mwenye ukumbi akaja kuzima taa, naye akapewa sahani akasahau kuzizima. Jumatatu Amani alikuja sokoni kwangu Lewisham, anatetemeka kwa baridi, anacheka. Alikuwa ameondoka bila koti, akafika mpaka Harrow hajajua.

Sasa nasaha yangu, na usiniombe punguzo. Karatasi ya mlangoni bandika, nzuri. Lakini usitandike kabla ya kuuliza, hata kama unatandika kwa mapenzi. Anayepika, anayefagia, anayelinda mlango, mwambie wazi ni shughuli ya nani, maana naye ni mtu wa shughuli, na ukimficha usimlaumu kwa asilolijua. Anayetaka kukaa pembeni mpe pembeni pazuri. Na watu wakikaa, wewe usikae kwanza. Tazama penye makoti. Ukimwona mtu anafunga vifungo anatabasamu, acha hotuba, acha kipaza sauti, nenda ukamuulize lile swali la Bi. Zuwena.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie sinia lisilopungua na wenzio wa kulizunguka, na kila ukumbi utakaoufungua, watu watoke wakiwa wamesahau makoti yao.