Nilivyoipata Digrii Kati ya Zamu na Zamu

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nawaambia mapema ili mjue ni mtu wa namna gani anayewasimulia. Kule Singida nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu wa enzi zetu hakwenda kazini na raba. Basi nikaingia katika makao ya wazee ya Lewisham nikigonga sakafu ko, ko, ko, na mkuu wa zamu, mama wa Kiskoti mwenye mikono mipana, akanitazama miguu kabla ya uso.

"Hivyo vitakuvunja shingo kabla ya chai," akasema, akanipa raba za mtu aliyekwisha kuacha kazi. Zilinipwaya. Nilizivaa mpaka zikachanika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimefiwa na mume, nikamfuata dada yangu London pamoja na binti yangu Neema, ambaye wakati huo hakuwa na meno ya mbele. Cheti changu cha ualimu hakikumshtua mtu. Kazi iliyopatikana ilikuwa ya kutunza wazee, ambayo wenzetu waliokuwa wakibeba maboksi maghalani waliiita kuosha wazee, tena kwa dharau, kana kwamba boksi linakusalimu asubuhi.

Ni kazi yenye ufundi wake. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani lazima ageuzwe kwa saa zake, la sivyo anapata vidonda vya kulalia, na kidonda cha namna hiyo kikishaingia, kukitoa ni shughuli. Mashine ya kunyanyulia inataka watu wawili, hata kama mzee ni mwepesi. Na humgusi mtu kabla ya kumwambia: sasa nashika mkono wako, sasa nakunyanyua, sasa unakaa. Hata aliyepoteza kumbukumbu zote unamwambia, maana woga haupotei na kumbukumbu.

Kila mwisho wa zamu tuliandika maelezo ya kila mzee, halafu tukakaa kwenye hendova, yaani wanaotoka wanawaeleza wanaoingia hali ilivyo. Siku ile ya kwanza niliandika juu ya Bibi Edith, aliyekuwa ameletwa wiki hiyohiyo: "Hakula chakula cha mchana. Nadhani anamkumbuka mumewe." Mkuu wa zamu akasoma, akachukua kalamu, akaikata sentensi ya pili.

"Nani kakuuliza unadhani nini?" Hakuwa na hasira, alikuwa akinifundisha. "Andika ulichoona. Amekula nusu. Amekunywa kikombe kimoja. Ngozi haina kidonda. Mambo ya kudhani tuwaachie wenye digrii."

Nilikasirika, lakini nilijifunza. Karatasi zile zilisomwa na madaktari, pengine hata na mahakama, na mtu akichanganya alichoona na alichowaza anaweza kumponza mgonjwa. Baada ya miaka michache hakuna aliyeandika maelezo makavu kunishinda. Nikawa mkuu wa zamu mimi mwenyewe, kisha naibu meneja.

Meneja wetu alikuwa mtoto wa Wajamaika, mtu wa kucheka kwa sauti, mlango wake wazi siku zote. Karibu na mwisho wa miaka ya tisini aliniita ofisini, akaufunga mlango. Nikajua kuna jambo.

"Nitastaafu baada ya miaka mitatu," akasema. "Ningekuachia wewe kiti hiki leo. Lakini mwenye makao anasema meneja anayefuata lazima awe na digrii."

"Na kama sina?"

"Ataleta mtu wa kutoka nje."

Nilikitaka kile kiti. Sitajifanya mnyenyekevu uzeeni. Nilikitaka kwa sababu ya jambo moja lililonikera tangu siku za raba za kuazima: wazee wetu waliamshwa gizani, wakaoshwa na kuvalishwa, wakakaa kwenye viti wakisinzia wakingoja uji, eti ili zamu ya usiku ikabidhi kazi iliyokwisha. Watu wa miaka tisini wanaamshwa kama kuruta! Nilimwambia Meneja mara mbili. Alikubaliana nami, ila hakutaka ugomvi na mwenye makao.

Sasa, digrii ya jioni ilichukua miaka sita, na madarasa yake yalikuwa siku zilezile kila wiki, wakati zamu zangu zilihamahama. Ni Mama Furaha aliyenionyesha njia. Huyu alikuwa Mkongo wa Bukavu, mfanyakazi mwenzangu, anakaa Peckham, na katika kanisa lake kulikuwa na mtu aliyesoma bila kuingia darasani. Kulikuwa na chuo kilichowaruhusu watu wa nje kufanya mitihani tu. Unajiandikisha, unapewa mwongozo wa kila somo, unasoma kwako, na mwezi Mei unakwenda ukumbini. Ukifaulu somo, limehesabiwa. Hawakuulizi ulisomea wapi, kwenye basi au chooni. Tena walikitambua cheti changu cha ualimu, kile kisichomshtua mtu, wakanisamehe mitihani kadhaa ya mwanzo. Iliyobaki niliweza kuibana katika miaka mitatu, nikiwa na kichwa kigumu.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Sawa, lakini wahenga hao hawakupangiwa zamu.

Nikachagua elimu ya jamii. Nilisoma ghorofa ya juu ya basi, nilisoma katika chumba cha kufulia mashine zikizunguka, na nilisoma kwa mdomo nikiwanyoa wazee. Bwana Walter, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo bandarini enzi zake, alisikiliza somo zima la matabaka huku povu likiwa limemjaa kidevuni.

"Nimekuwa tabaka la chini maisha yangu yote," akasema, "na hakuna aliyeniambia kwamba ni somo."

Mwaka wa kwanza nilifaulu, kwa alama za kujikokota. Mwaka wa pili nikaanguka mtihani mmoja, ule mkubwa wa sera za jamii, somo ambalo ndilo kazi yangu! Nililia. Nilikuwa nimejibu maswali yote, sikuacha hata moja. Na chuo hakikueleza kosa, kilileta alama tupu. Sasa mtihani ule ungerudiwa pamoja na yote ya mwaka wa mwisho, katika mwezi mmoja, na Meneja alikuwa ameshaanza kugawa maua ya ofisini kwake.

Jumamosi moja nilikuwa namsuka Neema nywele. Alikuwa na miaka kumi na mitano, Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu ni Kiingereza tu. Nikamsomea jibu langu kama nilivyolikumbuka, huku nikijitetea kwamba watahini wananionea. Akasikiliza, kichwa kikiwa magotini pangu.

"Mum, that's just a list," akasema.

"Orodha gani? Hayo ni majibu."

Akageuka na msuko ukanitoka mkononi. Akaniambia, kwa Kiingereza chake cha Lewisham, kwamba nimeeleza sheria inasema nini, fulani kasema nini, nani anapata huduma na nani hapati, basi. "But what do you think?"

Nikabaki nimeshika kitana. Swali la mtihani lilikuwa limesema wazi: jadili. Na mimi nilikuwa nimewaandikia hendova. Amekula nusu, amekunywa kikombe kimoja, ngozi haina kidonda. Kurasa nzima za niliyoyaona, hata neno moja la ninachodhani hakuna, kwa sababu miaka mingi nilikuwa nimeamini kwamba hakuna aliyeniuliza. Kumbe walikuwa wananiuliza, tena kwa maandishi, na mimi nawanyamazia.

Tangu siku hiyo Neema akawa mwalimu wangu. Nilimweleza kila somo kwa Kiswahili, na kila nilipomaliza aliuliza swali lake lilelile. Mwanzoni nilijibu kwa woga, nikitafuta wa kumsingizia mawazo yangu. Baadaye nilianza kubishana na vitabu, na mpaka mwezi Machi nilikuwa nabishana hata na taarifa ya habari.

Mei ilipofika Mama Furaha akanizuia mlangoni mwa chumba cha kufulia.

"Mama Neema, usiogope. Miye nitakamata shifti yako yote ya asubuhi. Ile mtihani iko ya sisi wote."

"Na wewe utalala lini?"

"Nitalala siku utapata digrii."

Wakaniombea kanisani kwake, mchungaji akaziwekea mikono hata kalamu zangu, nami Mkatoliki mtulivu nimesimama katikati ya ngoma sijui nitazame wapi. Ukumbini nilipofungua karatasi ya sera za jamii, nikakuta swali la huduma za wazee: jadili. Nikaandika: "Kwa maoni yangu." Halafu nikaandika juu ya watu wanaoamshwa gizani kwa faida ya wasiolala, na sikuinua kichwa mpaka waliposema kalamu chini.

Nilifaulu yote. Neema ndiye aliyefungua bahasha, akapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Mwenye makao alinisaili mwenyewe. Alikuwa bwana mfupi mwenye haraka, ambaye hakuwahi kujua jina langu vizuri. Akatazama digrii yangu, kisha akauliza, "Kuna kosa gani hapa kwetu, kwa maoni yako?" Nilimwambia. Akasema lile jambo litaleta usumbufu. Nikasema ndiyo, litaleta, na usumbufu huo tuubebe sisi wenye miguu. Akanipa kiti.

Ikawa hivyo. Mzee anaamka anapoamka, na uji unamsubiri. Na katika hendova niliongeza jambo moja. Mtu akishamaliza kusema alichoona, namuuliza: na wewe unadhani nini? Jibu linaandikwa kwenye mstari wake, mbali na yale yaliyoonekana, ili visichanganyike. Wafanyakazi wapya walishangaa sana. Wengine walisema hawadhani kitu, nami niliwangoja.

Mama Furaha alifuata njia ileile ya mitihani, nami nikakamata shifti zake. Aliumia kuliko mimi, maana alitoka kwenye Kifaransa. Miaka ya elfu mbili ilipokaribia kwisha nikafikia umri wa kustaafu, na kiti kikawa chake. Vijana mnaonisoma mtaniuliza kama njia ile ya haraka ni ya mkato. Si ya mkato. Kilichopungua ni kukaa darasani tu. Kama kuna mnachokijua tayari kwa mikono yenu, kitafuteni chuo kitakachokipima.

Siku yangu ya mwisho nilitoa hendova kama siku nyingine. Kulikuwa na mzee mgeni, ameletwa wiki hiyohiyo. Nikasema nilichoona: hakula mchana, amekunywa nusu kikombe, ngozi haina kidonda, ametazama mlango. Nikafunga jalada.

"Na weye, Mama Neema," akasema Mama Furaha kutoka kwenye kile kiti, "unawaza nini?"

Miaka yote ile mwulizaji nilikuwa mimi, kwa hiyo mle ndani hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Nadhani anamkumbuka mkewe," nikasema.

Mmoja wao akaiandika sentensi yangu. Hakuna aliyeikata.