Mtu Aliyekuwa Kampuni

Serikali ilitunga sheria: kampuni ile kubwa ya mtandao, yenye wateja kila pembe ya dunia, lazima iwe na mtu hai humu nchini, mwenye mlango, meza na masikio ya kusikilizia malalamiko. Kampuni ikatii kwa bei ya chini kabisa. Ikaajiri mtu mmoja, mgane aliyewahi kuwa karani wa bima, ikampangishia chumba juu ya fundi cherehani.

Mtaa mzima ukamwita Kampuni.

"Kampuni, mbona soksi hazifanani?" fundi alimtania asubuhi.

"Tunabana matumizi," alijibu, na mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake yote ya siku.

Watu hawakuja. Walikuwa wakiilalamikia kampuni mtandaoni, kwenye mtandao wa kampuni hiyohiyo. Yeye alikaa kwenye kiti chake hadi akakichoka, kisha akahamia cha mgeni, akakitazama kile chake kitupu, kana kwamba anajitazama asipokuwepo.

Aliyekuja ni mmoja tu, muuguzi mstaafu, kila Jumanne, akihema kwa zile ngazi. Akaunti yake ilikuwa imefungwa, na ndani yake mlikuwa na jumbe za sauti za marehemu mumewe.

"Mwanangu, makao makuu wanasemaje?"

"Wanalishughulikia, mama. Kaa kwanza upumzike."

Alikaa. Waliongea habari za magoti, za wifi yake mkorofi, za mvua isiyojua ratiba. Ukweli ni kwamba makao makuu hawakuwa na habari. Kufungua akaunti ile kulitaka kitufe kimoja kwenye kompyuta ya Kampuni, naye hakukibonyeza. Angekibonyeza, Jumanne ingegeuka kuwa Jumatano, siku isiyo na mgeni.

Kisha serikali ikakaza sheria zaidi. Makao makuu wakamtokea kwenye kioo cha kompyuta, nyuso zote zinang'aa.

"Tunatafakari, tutii au tuondoke. Tukiondoka, akaunti zote za huko zinazimwa."

"Na mimi?"

"Wewe uko mioyoni mwetu," wakasema, wakakata.

Jumanne iliyofuata alikibonyeza kitufe, mama akiwa palepale. Akaunti ikafunguka kwenye simu ya mama, sauti nzito yenye haraka ikajaa chumba: "Mama watoto, usifunge mlango, nimesahau ufunguo tena!"

Mama akacheka mpaka akalia. "Huyu baba! Kila siku ufunguo!" Alipojifuta macho, akaiangalia kompyuta. "Kumbe ni kubonyeza tu?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini ungeweza?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

Akasimama taratibu, mkono kwenye goti. "Ungesema unataka mtu wa kupiga naye soga, ningekuja. Bila shida yoyote, ningekuja. Lakini umenifungia mume wangu humu, mwanangu."

Akashuka ngazi moja moja, marehemu akirudia simuni kuomba mlango, mpaka hatua zake na sauti ile zikamezwa na barabara.

Baada ya siku chache kampuni ikatangaza kwa mbwembwe kwamba inaziheshimu sheria za nchi na inabaki. Waziri akajipongeza, magazeti yakampongeza waziri.

"Kampuni!" fundi akapaza sauti kutoka chini. "Nasikia umebaki!"

"Nimebaki."

"Basi shuka tunywe chai, bwana!"

Ilikuwa Jumanne.

"Siwezi," akajibu. "Huenda akaja mtu mwenye malalamiko."

Fundi akacheka, akarudi kwenye cherehani yake.