Shangazi wa Bima

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa nusu ya Songea inajua, tena inajua kwa makosa (wapo wanaosema nilimgonga shangazi yangu, wapo wanaosema marehemu babu yangu alikuwa na nyumba ndogo Tunduru), basi bora niseme mwenyewe, mnicheke kwa usahihi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na nina kigari changu cheupe nilichokikatia bima kubwa. Siku ya kukata, yule dada wa bima aliniuliza gari ni la matumizi gani, nikajibu "binafsi", na wakati ule nilikuwa mkweli kabisa. Baadaye ikafika mjini kwetu ile programu ya simu ya kuita usafiri, mtu anabonyeza, gari linamfuata alipo, nami nikajiunga, Jumamosi nabeba watu, Jumapili nikitoka misa nabeba watu. Bima sikwenda kuibadilisha. Nilisema nitakwenda mwezi ujao, na mwezi ujao mnaujua wenyewe, haufikagi.

Jumamosi hiyo nikaitwa stendi kumchukua Bi Somoe, mama mtu mzima wa Nakapanya, kule Tunduru, anauza vitumbua pale mabasi yanaposimama, alikuwa anakwenda Bombambili kumwona mjukuu wake aliyejifungua. Gari aliitiwa na mwanawe Hamisi aliyeko Dar. Akakaa mbele, kikapu mapajani, ananielekeza namna ya kuloweka mchele. Tumebakiza kama mita mia mbili hivi, simu ikalia, mteja mwingine huyo, nikanyoosha mkono nimkubali asije akachukuliwa na mwenzangu (tamaa, jamani, tamaa), na nilipoinua macho kulikuwa na pikipiki mbele yangu imebeba mlango mzima wa mbao, umekaa kwa upana. Nikakata usukani. Tukaingia mtaroni.

Mimi sikuumia hata ukucha. Mkono wa kulia wa Bi Somoe ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki.

Watu wakajaa, trafiki akaja, akaniuliza swali moja tu, la kawaida kabisa: "Huyu mama ni abiria wako?"

Ningejibu "ndiyo, afande", leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Lakini nilimkumbuka yule dada wa bima na kalamu yake, nikajua bima ya binafsi hailipi mtu aliyebebwa kwa nauli, nikausikia mdomo wangu unasema, "Abiria gani, afande? Huyu ni shangazi yangu."

Shangazi! Ningesema jirani. Ningesema mama mkubwa, maana mama yangu ana dada zake wanne na hakuna ambaye angesumbuka kuhesabu wa tano. Nikaenda kuchukua upande wa baba, na mtaona wenyewe kwa nini hadi leo natamani kujizaba kibao.

Hospitali, daktari akasema mfupa unatakiwa kuwekewa chuma, la sivyo utaunga vibaya na mkono utabaki umepinda. Bi Somoe akauangalia ule mkono, akaniangalia mimi. "Mwanangu, mkono huu ndio unaogeuza vitumbua. Ukipinda, mie nitakula nini?"

Nikainama, nikamnong'oneza kwamba bima italipa kila kitu, ila wakimwuliza aseme mimi ni mtoto wa kaka yake.

"Uongo ni dhambi," akasema.

"Najua, Bibi."

Akafikiri. "Haya. Lakini kama mie shangazi yako, uji wa hapa siutaki."

Basi siku tatu nilitumwa, jamani! Uji wa ulezi usio na sukari, ndimu, samaki mbasa wa kuchoma (tena akanirudisha sokoni kwa sababu wa kwanza alikuwa mdogo), kanga za kubadilisha, nazo nizifue mimi, maana mtu hafuliwi nguo na manesi wakati mtoto wa kaka yupo. Katikati ya hayo nikawapigia wenye ile programu, nikidhani labda nao wana bima yao, dada mmoja mwenye sauti tamu akaniambia wao kazi yao ni kumkutanisha dereva na abiria, ajali ni ya dereva, na kwamba masharti hayo niliyakubali. Ni kweli niliyakubali. Nilibonyeza "Nakubali" huku nakula muhogo.

Fomu ya bima nikaijaza. Penye uhusiano na majeruhi nikaandika shangazi, nikatia sahihi.

Siku ya nne afisa wa bima akaja wodini, kijana mpole, ana faili. Akamwamkia Bi Somoe shikamoo, akampa pole, akauliza mimi ni nani kwake.

"Mtoto wa kaka yangu."

"Na kaka yako anaitwa nani, Bibi?"

Bi Somoe akanigeukia. Nilikuwa nimemfundisha yote isipokuwa jina la baba yangu! Nikajifanya naangalia dripu ya mgonjwa wa jirani, na hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia baba. Baba yangu mzazi, mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo, amevaa koti lake la Pasaka, kwapani ana kuku amefungwa miguu. Kumbe pale mtaroni alikuwepo mtu wa kijijini kwetu, akapiga simu.

"Dada yangu yuko wapi?" baba akauliza kwa sauti ya wodi nzima.

Nilimshukuru Bikira Maria papo hapo. Nilidhani nimeokolewa.

"Shikamoo, mzee," afisa akasema. "Ndiye huyu dada yako?"

"Ndiyo nimekuja kumwona, baba. Simjui bado."

Afisa akashusha kalamu. Baba naye, kwa kuwa ni mtu mkweli (sijui aliponizaa mimi ukweli wake ulipotelea wapi), akaeleza yote. Kwa mama yao walizaliwa wanaume saba, dada hawana hata wa dawa. Ukoo umekaa siku mbili kulijadili jambo hili. Ndugu zake wanasema ni uzushi. "Mimi nikawaambia hapana, marehemu baba alikuwa anakwenda sana Tunduru, haikosi. Nina miaka sabini na mbili, nimepata dada. Nimemletea kuku."

Wodi ikacheka mpaka mgonjwa mmoja akashika mshono. Afisa hakucheka. Alinivuta pembeni, akaniambia taratibu, "Mwalimu, kwa kubeba abiria peke yake ningejaribu kukuombea. Kwa huyu shangazi siwezi, una sahihi yako hapa."

Hiyo ningeimeza. Iliyonishinda ni baba, amesimama na kuku wake, ananiuliza, "Kwa hiyo, Leokadia, si dada yangu?" Nililia mbele ya watu, mwalimu mzima.

Bi Somoe ndiye aliyesema. "Kaka, mwanao ni muongo, lakini kuku umeshamleta. Kaa."

Akakaa. Waliongea mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha.

Bima hawakulipa. Chuma kililipiwa na hela za mabati ya nyumba yangu ninayoijenga Msamala, ambayo mpaka sasa haina paa na ndani imeota magugu yanayonifika kiunoni. Mkono umepona, vitumbua vinageuzwa. Baba na dada yake wanapigiana simu kila Ijumaa, na kwenye kikao cha ukoo mwaka huu Bi Somoe alipewa kiti, akasimama kuuliza mbele ya baba zangu wadogo na wakubwa kwa nini mimi sijaolewa, swali ambalo shangazi ana haki ya kuliuliza, na hakuna aliyemzuia.

Bima nimebadilisha, sasa ni ya biashara, stika iko kwenye kioo, mtu yeyote aje aisome. Na nimeapa kwamba trafiki akiniuliza nimembeba nani, nitamtajia abiria na nauli yake mpaka senti.

Mwezi uliopita nilimchukua Bi Somoe stendi, nikamfikisha Bombambili salama salimini, simu mbali kabisa nyuma kwenye mkoba. Alipofungua mlango nikamtania, "Shangazi, na nauli je?"

Akaniangalia, kikapu mkononi, ule mkono wa kulia.

"Kwani ulimwambiaje yule trafiki?"

Nikawasha gari.