Kusubiri, Jumatano Saa Nne

Inasemekana mume wangu alikuwa akizungumza na kiti kitupu. Inasemekana alimfukuza mtoto wa watu ofisini kwake, kisha akaficha kwa woga. Wengine wameongeza mambo ambayo kalamu yangu haitayagusa. Nimefundisha historia miaka ishirini na sita, na swali la kwanza nililowapa wanafunzi wangu mbele ya habari yoyote lilikuwa hili: nani alikuwepo? Wasemaji hawa hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo naandika.

Marehemu alikuwa mwanasaikolojia wa shule. Wengi hawakujua kazi hiyo ni nini. Hata dada yake, wifi yangu, aliwaambia watu kwa miaka mingi kwamba kaka yake ni daktari wa watoto watundu. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na mtoto aliyeacha kusoma, au aliyeacha kusema, au anayepiga wenzake, na kutafuta kilichomsibu. Alihudumia shule tatu. Jumatano ilikuwa zamu ya shule kubwa ya msingi, ambako walimpa chumba kilichokuwa stoo ya chaki. Nilikifahamu chumba hicho: meza iliyowekewa karatasi chini ya mguu mmoja ili isiyumbe, kabati la chuma la majalada, sanduku la vibao vya rangi vya kupimia watoto, na viti viwili.

Viti hivyo ndivyo vilivyomtambulisha. Hakuviweka vitazamane. Aliviweka sambamba, vyote vikitazama dirishani. Alisema mtoto ukimkodolea macho hujibu unachotaka kusikia. Mkitazama nje pamoja, husema lililo lake. Watoto wakampa jina la Viti Viwili. Mmoja akisema, "Leo Viti Viwili kaniita," mwenzake humjibu, "Basi chukua nauli, mnasafiri!" Alinisimulia hilo huku akicheka mpaka machozi.

Sasa, msichana. Alikuwa darasa la sita, mkimya, mwenye mwandiko mdogo kama sisimizi waliojipanga. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili Jumatano tano, na maneno yake yote yangeenea ukurasa mmoja. Jumatano ya sita, saa nne asubuhi, haikuwa saa yake. Mume wangu alikuwa akimalizia ripoti ya mtoto mwingine, iliyotakiwa ofisi ya elimu kabla ya saa sita. Mlango ukabishwa. Aliijua hodi ile: vidole viwili, taratibu.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa.

Ripoti ilimchukua dakika ishirini. Alipofungua mlango hakukuwa na mtu. Alilipapasa benchi la nje, akakuta mahali pamoja bado pana joto. Msichana hakuonekana darasani siku hiyo, hakurudi nyumbani, na mpaka leo, mwaka wa kumi na moja, hakuna aliyemwona.

Walimtafuta. Askari waliuliza shule nzima ni nani aliyemwona mara ya mwisho. Jioni ya siku ya pili mume wangu alinikuta nikipiga pasi.

"Alikuja kwangu," aliniambia. "Nikamwambia asubiri. Kesho nakwenda kusema."

"Kuna aliyemwona mlangoni kwako?"

"Sidhani."

"Ukisema, watauliza Jumatano zote hizo mlikuwa wawili chumbani mkifanya nini. Watu hawajui kazi yako, wewe mwenyewe unajua hawaijui. Na watoto wetu wanasoma pale pale."

"Lakini alibisha, mama watoto."

"Basi hakubisha."

Pasi ilikuwa imetulia juu ya kola ya shati lake. Kola ikaungua, na harufu yake ikakaa chumbani siku kadhaa. Neno hilo lilikuwa langu. Si lake, si la mwalimu mkuu, si la mtu mwingine yeyote.

Alinitii. Lakini kuanzia wiki ile, kila Jumatano, saa nne mpaka saa nne na nusu, hakumpangia mtoto yeyote. Alikaa kwenye kiti kimoja, akakiacha cha pili, mlango wazi. Hapo ndipo uvumi wa kiti kitupu ulipozaliwa. Nilimuuliza siku moja kama kweli alikuwa akikisemesha. Akanitazama kwa mshangao. "Mtu hajafika, nimsemeshe vipi? Namngoja tu."

Mwaka wa tisa ukaja utafiti. Chuo kilitaka kujua wanasaikolojia wa shule wanafanyaje kazi yao hasa, saa kwa saa, si vile kanuni zinavyosema. Walijitolea kumi na wawili. Kila mmoja alipewa jedwali la siku lililogawanywa kwa robo saa, pamoja na orodha ya namba: moja ni tathmini, mbili ushauri, tatu ripoti, nne vikao, tano safari, sita mengineyo. Mwenzake mmoja alilalamika nyumbani kwetu, mdomo umejaa mkate: "Wamesahau namba ya kutafuta ufunguo wa chumba. Mimi hiyo peke yake ingenijazia jedwali!" Mume wangu alijaza namba kama wenzake. Ila Jumatano, kwenye visanduku viwili vya saa nne, aliandika neno: kusubiri.

Mtafiti, binti mwenye miwani na adabu nyingi, alimpigia simu.

"Samahani, mzee wangu. Hii kusubiri niiweke sita?"

"Hapana, binti."

"Lakini haina namba."

"Ndiyo maana nimeiandika kwa neno."

 Kisha binti akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Unamsubiri nani?"

Alikuja kumhoji katika chumba kile kile, shule ikiwa imefungwa kwa likizo. Jioni mume wangu aliniambia neno moja tu, "Nimesema." Sikumpakulia chakula. Alijipakulia mwenyewe, akala vizuri kuliko nilivyomwona akila kwa miaka tisa.

Fomu ya ridhaa iliahidi kwamba jina litafichwa, na kweli walilificha, pamoja na shule na mji. Akawa Mshiriki wa Saba. Lakini binti yule, kwa kuyapenda maelezo yake, aliviacha ndani viti viwili vinavyotazama dirishani. Alidhani ni pambo la kazi. Hakujua ndilo jina lake. Ripoti ilipofika chumba cha walimu, chai haikupoa kabla hajatambuliwa. "Huyu wamemficha," mmoja alisema, "au wamemvika kofia?"

Wifi yangu alifika kwangu hata viatu hajavua.

"Kaka kaenda kujianika mwenyewe juani! Miaka yote tumekaa salama, wifi. Nani kamtuma?"

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Ananiambia, nilichelewa. Nilichelewa nini? Mtu mzima huyo!"

Siku ya tatu alikuja mama wa msichana. Alikaa pembeni kabisa ya kochi, mkoba mapajani. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Kwa hiyo alibisha," alisema.

"Alibisha," mume wangu akajibu.

"Kwa nguvu au taratibu?"

"Taratibu. Vidole viwili."

Yule mama alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, polepole. "Ndiye. Hata kwangu alibisha hivyo, mlango wa nyumbani kwao wenyewe." Kisha akauliza, "Mbona hukusema, mwalimu? Siku zile tungemtafuta barabara ya shule. Sisi tulimtafuta upande wa mtoni, tukidhani hakufika shuleni kabisa."

Nilimwona mume wangu akigeuza macho kidogo kuelekea mlangoni, nilikosimama, kisha akayarudisha.

"Niliogopa," alisema.

Nikaweka sinia mezani. Nikamimina chai. Uvumi wote wa mwoga aliyeficha umejengwa juu ya neno hilo moja, na neno hilo lilikuwa uongo, na uongo huo alinisemea mimi.

Alifariki miezi minane baadaye. Ilikuwa moyo, daktari alimwonya tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi. Wanaosema alikufa kwa aibu hawakumjua. Miezi ile minane alilala usingizi mzito. Aliyekuwa macho ni mimi.

Baada ya mazishi mtafiti alileta nakala ya mazungumzo, ya sauti na ya maandishi, pamoja na barua: familia ina haki ya kuyaondoa maneno ya marehemu katika utafiti, yafutwe kabisa. Wifi alikuwa na kalamu tayari. "Futa, wifi. Tuzike na hili."

Nikaomba kusikiliza kwanza. Nilikaa chumbani peke yangu, saa nane mchana, visikizio masikioni. Alisimulia kila kitu. Alipofika kwenye ile jioni ya pasi alisema, "Mtu ninayemheshimu alinishauri ninyamaze, na nia yake ilikuwa kutulinda." Binti aliuliza ni nani. Akasema, "Hayumo katika utafiti wako."

Muda mfupi baadaye mlango unabishwa. Katika maandishi ya binti imeandikwa hivyo hivyo, ndani ya mabano. Mume wangu anasema, "Karibu, mwanangu, ingia." Kisha kiti kinasogezwa. Nilimuuliza binti ni nani aliyebisha siku ya likizo. Alivua miwani akaifuta. "Nilikwenda kufungua, mama. Hakukuwa na mtu."

Sikufuta. Nilitia sahihi maneno yabaki, na chini yake nikaongeza kwa mkono wangu: aliyemwamuru anyamaze ni mkewe. Wifi hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Jina la familia, anasema, nimelichafua. Mimi nasema nimelirudisha kwa mwenyewe.

Kisha nilimwita mama wa msichana. Nilimwambia kabla hajaketi, nikiogopa kwamba akiketi nitashindwa. 

"Nilijua, dada," alisema. "Siku ile vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia."

Nikampa visikizio. Alifumba macho. Sehemu ile ya hodi aliirudia mara tatu. Nilijua kwa kidole chake juu ya kitufe. Halafu akavivua, akavikunja waya vizuri, akaniambia sentensi moja, akaondoka.

Nimeulizwa sentensi hiyo dukani, hospitalini, hata na wanangu wenyewe kwenye simu. Ilikuwa hodi ya nani? Taratibu au kwa nguvu? Ya mume wangu nimeyaeleza, na yangu nimeyaandika bila kujipunguzia. Hilo lingine ni la yule mama. Sitalisema, na nisiulizwe tena.