Zamu yangu ya mwethya niliomba desktop badala ya terraces

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa kimya hapa, huwa naangalia mashine zenu za taa za rangi nazima data. Leo na mimi nina langu. Sitatia chumvi, maana mashahidi ninao kumi na mmoja, wote akina mama wa kanisa.

Niko Tulia, Kitui. Kazi yangu ni kutype na kuprint: barua za kazi, programu za mazishi, nyimbo za ibada. Laptop yangu ilikufa mwaka huu nikawa mtu wa kuomba mashine kwa watu. Inauma, niseme ukweli.

Sasa, kwetu kuna mwethya. Kwa asiyejua, ni kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu. Leo wote tunachimba terraces, matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa shamba lako, siku nyingine kwangu. Chetu kina wanawake kumi na wawili, na kila mmoja hupata siku yake mara moja tu kwa mwaka.

Zamu yangu ilipofika nikasimama nikasema sitaki terraces. Nataka kompyuta. Nyinyi mlete vitu, mimi nitaunganisha.

Mama Mutua, mwenyekiti wetu, akanitazama.

"Aiya! Wewe unajua kuunda kompyuta?"

"Nitajua."

Walicheka, lakini wakakubali. Hapo ndipo presha ilianza, kwa sababu zamu ikishatumika imetumika. Ikikataa kuwaka, nimebaki bila kompyuta na bila terraces. Na hakuna mwanamke mwingine angethubutu tena kuomba kitu kipya kwa kile kikundi.

Nikaandika list, wakagawana kwa makundi madogo. Motherboard. Processor. RAM. SSD. Power supply. Casing. Screen na keyboard nilikuwa nazo.

Mmeona makosa? Nyinyi mmeona. Mimi nilijiona engineer. Niliandika kama mtu anayetuma unga na mafuta dukani: hakuna generation ya processor, hakuna socket ya kuikalia, hakuna DDR ya RAM.

Jumamosi asubuhi wakaja na vitu, tukavipanga mezani juu ya kitambaa. Syombua, mwalimu wa Migwani, alikuwa na processor, i5 ya sixth generation, na RAM ya DDR4. Mama Mutua alileta motherboard imefungwa kwa leso mpya kabisa.

"Hii imetoka Emali," akasema, na kila mtu akasikia. "Kwa mkwe wangu. Ako na duka ya kompyuta."

Nikainua kile chuma cha socket, nikaweka processor. Haikai. Nikaigeuza. Haikai. Vile vijipengo vya pembeni havikutani.

"Sukuma kidogo," Mama Mutua akasema. "Hata mlango mpya huwa ngumu."

Wakuu, kidole kilikuwa tayari juu yake. Chini ya processor kuna pini nyembamba kama nywele, na ukizipinda hiyo board umeiaga. Sijui ni nini kilinizuia, nashukuru Mungu tu. Nikatoa mkono, nikajaribu RAM. Nayo ikagoma.

Nikasoma maandishi ya board, nikatafuta model kwa simu. Ni ya fourth generation. Socket 1150, RAM DDR3. Processor yetu inataka 1151.

Nikawaambia, "Kuna vitu havijapatana. Nipeni wiki moja." Wakanywa chai wakaenda, na nikasikia mmoja akisema kwa mlango, "Si tungechimba tu." Walipotoka nililia kidogo, sifichi.

Halafu nikapangusa macho nikachukua karatasi. Nikaandika kila kitu nilichonacho, na mbele yake kile kinachodai kutoka kwa wenzake. Nikasoma specs moja moja hadi bundles zikaisha. Jibu likawa hili: processor, RAM, SSD, power supply na casing vyote vinaweza kuishi pamoja. Hata cooler, ile feni iliyokuja na processor, inaingia. Mgeni ni mmoja tu, motherboard.

Yaani ile ya mwenyekiti. Iliyotoka kwa mkwe.

Asiye Mkamba hataelewa ugumu wa hapo. Mama mkwe na mkwe wake wana heshima kali, tunaiita nthoni. Hawataniani, hawahojiani. Kurudisha board ni kama kusema jamaa amemuuzia mama mkwe takataka. Na mama mwenyewe hawezi kumpigia kulalamika.

Nikaenda kwake. Nikasema, "Mama, board ni nzima. Makosa ni ya list yangu. Niruhusu niende Emali mwenyewe."

Akasema, "Enda. Lakini usimwambie nimekasirika."

"Umekasirika?"

"Kidogo."

Nikafika Emali na ile board, processor, RAM na power supply ndani ya kiondo. Mkwe ni mtu mpole sana. Nilipomweleza, alishika kichwa akaanza kucheka.

"Mama alinipigia akasema, 'Nataka motherboard mzuri.' Sasa mimi naweza uliza mama mkwe, 'Socket gani?' Si ataona namfanyia interview? Nikampatia ile mzuri kushinda zote nilikuwa nayo."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kumbe sote tulijua kidogo kidogo, lakini heshima ilimeza swali.

Akatoa board nyingine. 1151, DDR4. Zamani ningeibeba nikimbie. Safari hii nikatoa karatasi yangu. Board ilikuwa imetolewa kwa desktop ya ofisi, zile za mitumba za ex-UK, na mahali pa kuingizia moto wa umeme pana pini sita. Power supply yangu ina ishirini na nne. Nikasema hapana.

Ya tatu ilikuwa H110. Socket, tick. DDR4, tick, na hapo muwe macho, kuna H110 za DDR3. Pini ishirini na nne, tick. Micro ATX, casing inaikubali, tick. Nikamwomba tuiwashe hapo hapo na vitu vyangu. Ikawaka. Tukabadilishana board kwa board, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia Tulia.

Jumamosi iliyofuata wakaja wote, hata yule wa "si tungechimba." Nikaunganisha mbele yao. Nikabonyeza. Feni zikazunguka, screen nyeusi. Nikaangalia tena: RAM haikuwa imeingia upande mmoja. Nikaisukuma hadi ikalia tak, nikabonyeza tena.

Ikawaka! Vigelegele vilisikika hadi sokoni. Nilijisikia mkubwa, na sioni haya kusema hivyo.

Mama Mutua akatoa simu, akampigia mkwe wake, akaweka loudspeaker.

"Mwanangu, imewaka."

"Asante sana, mama."

"Sasa sikia. Siku ingine nikiagiza kitu, niulize. Hata maswali kumi."

Tukatazamana, maana jambo kama hilo halisemwi hadharani. Halafu sauti ikatoka polepole:

"Sawa, mama. Ile simu uliniagiza juzi... unataka ya line moja ama mbili?"

Nyumba nzima iliangua kicheko, na Mama Mutua mwenyewe akajifuta machozi kwa leso.

Somo langu ni fupi. Socket, aina ya RAM, pini za moto, ukubwa wa casing: andika vyote kabla mtu hajatia mkono mfukoni. Na kama hujui, uliza. Kama unajua na mwenzako hajasema vizuri, muulize yeye. Kuuliza si ujinga.

Uzi huu nimeutype kwa mashine hiyo hiyo. Mlioharibu pini za socket, jitokezeni hapa chini mkiri dhambi, na wanaotaka kununua board wiki hii waweke model tuikague pamoja.